Shajara ya mradi: giaboksi ya Land Rover 110 ya shamba, kaskazini mwa Pemba

Mei, masika yangali yakinyesha

Daftari la gari lina malalamiko matatu ya dereva. Gia ya pili hukwaruza asubuhi na kutulia gari likishapata moto. Kila anapokanyaga mafuta au kuyaachia, husikika chini ya sakafu kishindo kimoja kizito. Gia ya kurudi nyuma haiingii ila kwa nguvu, na mara nyengine hulazimika kuzima injini ndipo iingie.

Wenye gari, ambao ni wakulima wa karafuu wa upande wa Konde na Makangale waliochanga kulimiliki, wameyasoma malalamiko hayo kuwa ni maradhi mamoja: giaboksi imekufa. Pendekezo lao ni kununua giaboksi ya mtumba Dar es Salaam na kuifunga kabla ya msimu wa kuchuma, kwa sababu gari hili ndilo linalopeleka wachumaji mashambani na kurudi na magunia ya karafuu mbichi na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Nimeombwa kusimamia kazi na kuweka kumbukumbu zake. Sharti nililolitoa, na ambalo wamelikubali bila furaha, ni kwamba hakuna kitakachonunuliwa kabla hatujajua mwendo unapotelea wapi kati ya injini na magurudumu.

Ni vyema kueleza gari lenyewe. Ni Land Rover 110 ya dizeli, yenye giaboksi ya mkono ya gia tano iitwayo LT77. Tarakimu 77 katika jina hilo ni umbali, kwa milimita, kati ya shafti kuu na shafti ya chini iliyo sambamba nayo. Kipimo hicho si cha kupuuzwa, kwani kadiri shafti mbili zinavyokaribiana ndivyo gia zinavyokuwa ndogo, na meno ya gia ndogo hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa nguvu ile ile ya injini. Giaboksi hii ilianza katika miaka ya 1970 kwenye magari ya barabara ya lami, likiwemo Rover SD1, na ikafungwa kwenye 110 gari hilo lilipotoka mwaka 1983. Nyuma yake imeunganishwa transfa ya LT230, ambayo hugawa mwendo kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma wakati wote kupitia difu ya kati, yaani mkusanyiko wa gia unaoruhusu pande hizo mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, na ambayo ina gia za chini za uwiano wa 3.32 kwa 1. Kwa hiyo dereva anaposema "giaboksi", anataja kwa neno moja vitu vitatu vilivyofuatana: klachi, inayounganisha na kuachanisha injini na giaboksi, giaboksi yenyewe na transfa. Malalamiko yake yanaweza kutoka kwenye chochote kati ya hivyo.

Pemba haina mlima wa kutajwa, lakini ardhi yake ya kaskazini ni vilima vifupi vyenye miteremko mikali, na kila mteremko unaishia kwenye bonde la mpunga. Njia ya shamba wakati wa masika ni udongo wa mfinyanzi uliolowa. Gari halipati nafasi ya kukaa kwenye gia moja; dereva huhangaika baina ya ya kwanza, ya pili na ya tatu siku nzima akiwa na mzigo. Anayelinganisha umri wa giaboksi kwa kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, bila ya kujua ni kilomita za njia gani, analinganisha visivyolingana.

Mwisho wa Mei, majaribio kabla ya kufungua

Tulianza na gia ya nyuma, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi ulio wazi kuliko yote. Katika LT77 gia ya nyuma haina pete ya shaba ya kulinganisha mwendo, kwa hiyo huingia kimya pale tu klachi inapoachia kabisa na shafti ya ndani ikasimama. Fundi alikanyaga klachi, akasubiri kwa muda wa kutosha shafti isimame, kisha akaingiza. Ikakwaruza vilevile. Maana yake ni kwamba sahani ya klachi bado inazungushwa na injini hata pedali ikiwa chini, na kosa hilo haliwezi kuwa la gia.

Mipira ya silinda kubwa na silinda ndogo ya klachi ilibadilishwa, na hewa ikatolewa. Fimbo ya silinda ndogo sasa inatembea umbali unaotakiwa, lakini klachi haiachii. Hapo hesabu ni rahisi: mwendo unaingia kwenye nyumba ya klachi na haufiki kwenye presha pleti, sahani inayoibana klachi. Kilichobaki kati yao ni uma unaosukuma rilizi beringi, yaani beringi inayoiachia klachi, na huo hauonekani bila ya kushusha giaboksi.

Jaribio la pili lilikuwa la masikio. Kelele ya kusaga inayosikika gari likiwa huru na pedali ikiwa juu, ikanyamaza pedali inapokanyagwa, hushuhudia beringi za shafti ya kuingilia au za shafti ya chini. Kelele inayoanza pale pedali inapokanyagwa ni ya rilizi beringi. Na kelele iliyopo kwenye gia zote isipokuwa ya nne huelekeza kwenye shafti ya chini, kwa kuwa ya nne hupitisha mwendo moja kwa moja na shafti ya chini huzunguka bila ya kubeba mzigo. Gari letu halikuwa na hata moja kati ya kelele hizo. Giaboksi inayosemwa kuwa imekufa ilikuwa na beringi zilizo kimya, jambo ambalo lilipaswa kuwatia shaka waliokwisha kuulizia bei.

Kishindo kilitupeleka nyuma zaidi. Krosi za propela, yaani viungo vya shafti ndefu zinazopeleka mwendo kwenye magurudumu, hazikuwa na mchezo wa kulegea, wala difu hazikuwa na mchezo wa kupita kiasi. Tukafungua kifuniko cha nyuma cha transfa, kile kinachotolewa pale mtu anapotaka kufunga mashine ya kuendeshwa na giaboksi, kama vile winchi. Kupitia tundu hilo mtu huona ncha ya shafti kuu ya giaboksi na gia ya kwanza ya transfa iliyovikwa juu yake. Gari likiwa kwenye gia ya nne na injini imezimwa, fundi aliichezesha gia hiyo kwa bisibisi nene. Gia ilikwenda na kurudi ilhali ncha ya shafti imesimama. Pembezoni mwa shafti palikuwa na unga mwekundu wa kutu, mkavu.

Juni, kipupwe kikianza

Unga ule unastahili maelezo, kwani ndio kiini cha mradi mzima.

Gia ya transfa hushikwa na shafti kuu kwa splaini, yaani mifereji na matuta yaliyochongwa kwa urefu, ya nje kwenye shafti na ya ndani kwenye gia. Nguvu yote ya gari, katika kila gia, ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma, hupita kwenye urefu mdogo wa splaini hizo. Mbele yake kuna sili inayozuia oili ya giaboksi isitoke, na oili ya transfa nayo huizunguka gia kwa nje bila ya kuingia ndani. Matokeo yake ni kwamba pahala penye mzigo mkubwa kuliko pote panategemea grisi iliyopakwa siku ya kufunga. Grisi ikikauka, chuma husuguana na chuma kwa mwendo mdogo usioonekana, kila dereva anapokanyaga na kuachia, na vumbi jekundu ndilo zao la msuguano huo. Katika miaka ya 1990 gia hiyo ilianza kutolewa ikiwa na matundu yaliyotobolewa kupita ukuta wake ili oili ya transfa ifike kwenye splaini. Ya kwetu ni ya zamani, haina matundu, na hakuna kumbukumbu yoyote kwamba iliwahi kuangaliwa tangu gari lifike kisiwani.

Splaini zikimalizika kabisa, injini huvuma, gia huingia vizuri, na gari halitoki. Wengi hapo huhukumu kwamba klachi imeungua. Lakini kwa gari lenye mwendo wa magurudumu manne wakati wote, hali hiyo hiyo huletwa pia na eksel, yaani shafti ya gurudumu, iliyokatika, kwa sababu difu ya kati hupeleka mwendo wote upande ule usio na upinzani. Njia ya kutofautisha ni kufunga difu ya kati. Gari likitoka, eksel au propela imekatika. Lisipotoka na klachi ni nzima, mtu aanze kwa kufungua kifuniko cha nyuma cha transfa. Ni kazi ya spana chache, na nashangaa ni mafundi wangapi huanza kwa kushusha mzigo mzima.

Kushusha kwenyewe hakuna mengi ya kuandika. Chumvi ya pwani ilikuwa imezifunga bolti za mtambaapanya wa chasisi, zikakatwa. Transfa ilitangulia kushuka, giaboksi ikafuata.

Uma wa klachi ulikuwa na tundu. Kitufe cha chuma unachoegemea kilikuwa kimeutoboa na kutokea upande wa pili, kwa hiyo kila pedali ilipokanyagwa, sehemu ya mwendo iliishia kuuzamisha uma kwenye kitufe badala ya kusukuma beringi. Lalamiko la tatu limejibiwa.

Juni, kuhusu oili

Oili iliyomwagwa kutoka kwenye giaboksi ilikuwa nzito, ya rangi ya kahawia yenye weupe wa maziwa, na ilinuka kama oili ya difu. LT77 haitaki oili hiyo; hutumia ile nyepesi nyekundu ya giaboksi za otomatiki, ATF. Mara moja zikaanza kutolewa hukumu juu ya gereji iliyolishughulikia gari mara ya mwisho, kwamba waliweka oili nzito ya gia, namba 90, kwa mazoea.

Huenda ingekuwa hivyo, lau si vipimo. Kabla ya kumwaga, kiwango kilikuwa kimeangaliwa pande zote mbili: plagi ya giaboksi ilipofunguliwa oili ilibubujika, ilhali ya transfa ilikuwa chini sana ya tundu lake, na hapakuwa na tone la kutosha ardhini kueleza upungufu huo. Oili ilihama. Sili zilizopo kati ya masanduku mawili zilikuwa zimechoka, na mchezo wa gia juu ya splaini bila shaka umezisaidia kuchoka, mpaka oili ya transfa, ambayo kwa haki yake ni namba 90, ikapita na kuchanganyika na ile nyekundu. Gereji ile haina kosa katika hili, na nimeandika hivyo kwenye daftari la gari ili maneno yasienee.

Athari ya mchanganyiko huo ndiyo lalamiko la kwanza. Pete ya shaba hufanya kazi kwa kusugua: ikisukumwa dhidi ya koni ya gia, lazima ikate utando wa oili, ishike, na kuilazimisha gia iende kwa kasi ya shafti kabla ya meno kukutana. Oili nzito iliyopoa usiku kucha haikatiki upesi, kwa hiyo meno hukutana kabla ya kasi kulingana. Giaboksi ikishapata moto oili hulegea, na dereva husema gari "limekubali". Ukiongeza klachi isiyoachia kabisa, gia ya pili haina namna ila kukwaruza.

Kuna jambo jengine linalofaa kusemwa hapa, kwa kuwa madukani oili huuzwa kwa unene tu. Oili ya gia iliyoandikwa GL-5 hutengenezwa kwa ajili ya difu na ina viungo vingi vya salfa na fosforasi vinavyolinda meno chini ya mgandamizo mkubwa. Viungo hivyo, giaboksi ikipata moto mkali, vinaweza kuila shaba. GL-4 inavyo kwa kiasi kidogo zaidi, na ndiyo inayofaa kwa giaboksi nyingi za mkono zinazotaka oili ya gia. Namba 90 kwenye kopo haimwelezi mnunuzi lolote kuhusu hilo. Lazima asome nyuma.

Weupe wa maziwa ni maji. Bomba dogo la kupumulia la transfa lilikuwa limekatika karibu kabisa na sanduku. Giaboksi iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi ya bondeni, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta chochote kilicho nje, iwe kupitia bomba au kupitia mdomo wa sili iliyochoka.

Mwisho wa Juni, kikao na wenye gari

Kikao kilikuwa kirefu. Hoja ya kununua giaboksi ya mtumba ilirudi, safari hii kwa sababu ya shafti kuu: matuta yake ya splaini yamelika upande mmoja na kuacha ngazi unayoihisi kwa ukucha, na kufunga gia mpya juu ya shafti hiyo ni kuitia gia mpya kwenye njia ya ile ya zamani. Shafti kuu haibadilishwi bila ya kuifungua giaboksi yote. Mmoja wa wazee aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki, kuna tofauti gani basi kati ya kufungua yetu na kununua iliyokwisha fungwa.

Jibu langu lilikuwa kwamba ya mtumba ni ya umri uleule na ya muundo uleule, na mahali pa kwanza pa kuiangalia ni splaini hizo hizo. Muuzaji alipoombwa picha ya ncha ya shafti alituma picha ya sanduku kwa nje, lililopakwa rangi mpya. Pendekezo la kupata R380, ambayo ndiyo iliyoirithi LT77 mwaka 1994 na ambayo hata gia ya nyuma ina pete ya kulinganisha, lilizungumzwa pia. Ni giaboksi bora, sibishani, lakini gia yake ya nyuma iko kulia chini ya ya tano ilhali ya LT77 iko kushoto pembeni mwa ya kwanza, na kuna vipande vya kubadilishwa ili ikae kwenye gari letu ambavyo hatuna pa kuvipata kwa haraka. Iliamuliwa kuifungua yetu.

Julai

Vipuri vilichelewa bandarini kwa sababu ya upepo wa kusi, kisha vikafika vyote isipokuwa sili moja, ambayo ilipatikana Mombasa.

Ndani ya giaboksi mlikuwa na afya kuliko tulivyotarajia. Meno ya gia hayakuwa na mapengo. Pete za shaba za gia ya tatu, ya nne na ya tano zilirudishwa. Za ya kwanza na ya pili zilibadilishwa, si kwa kuwa zimekwisha, ila kwa kuwa sanduku liko wazi na ndizo zinazofanya kazi zaidi katika njia zetu. Beringi za shafti ya chini zilikuwa na madoa madogo ya kutu yaliyoachwa na maji, ambayo kesho yangekuwa mashimo, nazo zikabadilishwa na kupimwa upya kwa shimu, vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi. Kazi ya shimu ilikula muda mwingi kuliko yote, kwani fundi wetu mkuu hakubali kipimo alichokipata mara moja. Chujio dogo la oili lilikuwa na uji wa kijivu. Shafti kuu mpya na gia ya transfa yenye matundu zilivishwa kwanza nje, mezani, na hazikuwa na mchezo wowote wa kuhisika.

Uma mpya wa klachi ulichomelewa bamba la ziada pale unapokaa kitufe. Kwa kuweka sahani ya klachi katikati, seremala mmoja wa Chake Chake alitukerezea mti wa umbo la shafti ya kuingilia, na mti huo umewekwa stoo. Transfa ilirudishwa kwa kuongozwa na bolti ndefu zilizokatwa vichwa, ili uzito wake usiziegemee sili mpya na kuzikunja midomo. Mabomba ya kupumulia sasa yamepandishwa hadi ndani ya boneti.

Agosti, barabarani

Gari limejaribiwa kwanza kwenye lami kutoka Konde, kisha kwenye njia ya Makangale inayopita msitu wa Ngezi, na mwisho kwenye mchanga wa Vumawimbi. Gia ya pili inaingia asubuhi bila ya kelele. Kishindo kimebaki kidogo, kile cha kawaida cha difu. Gia ya nyuma huingia kwa vidole.

Kwenye mteremko wa mfinyanzi baada ya msitu, dereva alianza kupanda kwa gia ya kwanza huku ameishikilia klachi nusu, na harufu ikasikika. Fundi alimwomba asimame.

"Mzee wangu, hapa tia gia za chini za transfa, kisha uondoke na ya pili."

"Hizo mimi nilikuwa nikiziweka kwa kuvutia gari lililokwama, fundi."

"Ndiyo, na kwa hapa pia. Ila gari liwe limesimama unapozitia."

Alipanda bila ya kugusa klachi tena. Dereva huyu ni mwangalifu, na hakuwahi kuelezwa. Nimeomba maelezo hayo yaandikwe na kubandikwa juu ya kioo cha mbele, pamoja na agizo la kufungua difu ya kati kila anaporudi kwenye lami, kwa sababu difu ikibaki imefungwa kwenye barabara isiyoteleza, shafti hujipinda kwa mvutano usio na pa kutokea.

Yaliyobaki. Shafti ya kati ya transfa inavuja kidogo kwenye pete yake ya mpira, pete imeagizwa. Plagi ya kuziba tundu la chini la nyumba ya klachi itatiwa wakati wa kuvuka maji tu, na kutolewa baadaye ili mvujo wa sili uonekane mapema. Oili ya giaboksi na ya transfa zitapimwa kwa pamoja, kila moja ikilinganishwa na mwenziwe, magunia ya mwanzo yatakapokwisha kupelekwa kituoni. Kifuniko cha nyuma cha transfa kitafunguliwa msimu wa karafuu utakapomalizika, na hali ya splaini itaandikwa hapa.